Kutembea kwa miguu kwenye polda za Uholanzi bila gari: mwongozo kamili kwa anayeanza

Simama juu ya tuta la mto Gein, nje kidogo ya Amsterdam, halafu tazama pande zote mbili. Upande mmoja maji ya mto yamekaribia soli za viatu vyako na bata wanaelea juu yake. Upande wa pili ng'ombe wanakula majani, na kwato zao ziko chini kuliko maji hayo. Kinachowatenganisha ni tuta la udongo. Kinachofanya malisho yasigeuke ziwa ni mitaro iliyochimbwa kila baada ya hatua chache, pamoja na pampu zinazoyanyanyua maji ya mvua na kuyamwaga mtoni.

Hiyo ndiyo polda: kipande cha ardhi kilichozungushiwa tuta, ambacho kiwango cha maji ndani yake kinapangwa na binadamu. Karibu robo ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Sehemu ya chini kabisa, karibu na Nieuwerkerk aan den IJssel, iko mita 6.76 chini. Watu wetu wengi wanaoishi huku, wanafunzi wa Delft na Wageningen, wauguzi, madereva, hata wataalamu wa maji kutoka Dar es Salaam na Kisumu wanaokuja kusoma IHE Delft, huiona nchi hii kupitia dirisha la treni tu. Inanisikitisha, kwa sababu kuitembelea kwa miguu ni rahisi mno. Hakuna kilima cha kukukata pumzi, stesheni haziko mbali, na njia zimewekewa alama.

Haya ni mambo ninayoyafanya mimi kila ninapotoka, kwa mpangilio ninaoufuata.

Kwanza: tafuta stesheni mbili, kisha uliza upepo unatoka wapi

Mwenye gari lazima arudi alipoliacha, kwa hiyo hutembea kwa kuzunguka. Wewe wa treni na basi unashuka hapa na kupandia kule. Faida hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mpinzani wako kwenye polda ni upepo. Hakuna msitu wala kilima cha kuukinga. Upepo wa wastani tu, ukikupiga usoni kwa kilomita kumi, utakuchosha kuliko kupanda mlima mdogo.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari, angalia utabiri wa hali ya hewa na uone upepo utavuma kutoka wapi. Mara nyingi hutoka kusini-magharibi. Basi anzia kwenye stesheni iliyo upande huo, utembee kuelekea kaskazini-mashariki, upepo ukusukume mgongoni. Asubuhi yake upepo ukiwa umegeuka, geuza safari nzima: anzia ulikotaka kumalizia. Hakuna kitakachoharibika.

Zipo njia zilizokwisha pangwa kwa mtindo huu. Tafuta mtandaoni neno "NS-wandelingen": ni njia za kutoka stesheni moja hadi nyingine, nyingi zikiwa na ramani na maelezo ya kupakua bure. Njia nyingine ni kufuata namba. Maeneo mengi ya mashambani yana mtandao wa njia wenye vituo vyenye namba, unaoitwa "wandelknooppunten". Unaandika namba zako kwenye karatasi, kwa mfano 12, 45, 46, 9, halafu kila njia panda unatafuta mshale wa namba inayofuata. Mtu asiyesoma neno hata moja la Kiholanzi atafika.

Alama nyingine utakazokutana nazo ni mistari miwili iliyopakwa kwenye nguzo na miti. Nyeupe na nyekundu ni njia ndefu za kitaifa, njano na nyekundu ni njia za mkoa. Mistari ikipita sambamba uko njiani. Ikikatana kama alama ya kosa shuleni, umepotea. Rudi hadi njia panda iliyopita.

Kwa siku ya kwanza usizidishe kilomita kumi. Kwa mwendo wa kawaida hizo ni saa mbili na nusu, na ukisimama kula na kutazama zinakuwa tatu na nusu.

Nauli, ratiba, na makosa yanayogharimu

Tangu 2023 unaweza kupanda treni, basi, tramu na metro nchi nzima kwa kugusisha kadi ya benki kwenye mashine. Unagusisha unapoingia, unagusisha tena unapotoka. Kwenye treni mashine ziko stesheni, kwenye basi ziko mlangoni ndani ya basi. Mambo matatu huwaponza wageni.

La kwanza ni stesheni ndogo za mashambani. Hazina mageti. Kuna nguzo fupi tu yenye mashine, na mtu mwenye hamu ya kuanza kutembea huipita. Usipogusisha wakati wa kutoka unakatwa nauli ya adhabu, kisha unaanza kuhangaika kuomba marekebisho mtandaoni.

La pili: kadi ya plastiki na kadi hiyo hiyo iliyo ndani ya simu huhesabiwa kuwa vitu viwili. Ukiingia na simu, toka na simu. Na kadi moja hubeba mtu mmoja. Huwezi kumgusishia mwenzako.

La tatu: ukishuka kwenye treni ya kampuni moja na kupanda ya kampuni nyingine, gusisha kutoka kwa ile ya kwanza, kisha gusisha kuingia kwa ile ya pili, hata kama mashine zimesimama bega kwa bega.

Kwa ratiba tumia 9292, tovuti na programu ya simu inayojumlisha treni, basi, metro na boti zote. Iangalie usiku, halafu uiangalie tena asubuhi, maana mwisho wa wiki ndipo reli hufanyiwa matengenezo. Ukiona neno "buurtbus", tulia kwanza. Hilo ni basi dogo linaloendeshwa na wanakijiji wanaojitolea, na mara nyingi halifanyi kazi mwisho wa wiki. Mimi hulitumia katikati ya wiki tu. Safari ya Jumapili huipanga kwenye mabasi makubwa na treni.

Na hili la saa, kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Mholanzi akikwambia basi linaondoka "half vijf" ya alasiri, usisikie "vijf" ukadhani ni tano na nusu ya kwao. Maana yake ni nusu kabla ya tano, yaani 16:30, kwetu saa kumi na nusu. Siku ya baridi kwenye kijiji chenye basi moja kwa saa, kosa hilo ni la saa nzima ya kusimama kwenye upepo.

Nguo na mzigo

Ardhi ni tambarare lakini ni laini. Njia ya lami inataka raba za kawaida. Njia ya majani juu ya udongo wa mboji, baada ya mvua, inataka viatu visivyopitisha maji, na ukiona neno "laarzenpad" elewa kwamba wenyeji wenyewe huvaa gambuti hapo. Chukua koti la mvua lenye kofia. Mwavuli acha nyumbani, upepo utaugeuza ndani nje. Beba soksi za akiba. Maji ya bomba ni salama, jaza chupa yako. Chupa ya chai ya tangawizi nayo ni rafiki mwema kuanzia Oktoba hadi Aprili.

Beba pia sarafu. Mbele ya mashamba mengi kuna kibanda kidogo au kabati la mbao: ndani yake trei za mayai, maboga, chupa za jemu, bei iliyoandikwa kwa chaki na kikopo cha kutumbukizia hela. Hakuna muuzaji. Nimewahi kununua mayai sita ambayo mawili yalikuwa bado na vijinyoya vimegandia kwenye ganda.

Kusoma vibao

Njia nyingi hupita katikati ya mali ya mtu. Mwenye shamba ameruhusu, na ruhusa ina masharti. "Opengesteld" ni pamefunguliwa kwa wapitaji. "Verboden toegang", mara nyingi pamoja na maneno "Art. 461", ni marufuku kuingia, na nyuma yake kuna sheria ya jinai. "Eigen weg" ni barabara ya binafsi. Soma mstari wa chini yake uone kama waendao kwa miguu wameruhusiwa. "Zonsopgang" na "zonsondergang" ni mawio na machweo, yaani njia hiyo si ya usiku. "Honden aan de lijn", mbwa afungwe kamba.

Utakuta geti dogo linalojifunga lenyewe, au ngazi fupi ya mbao ya kuvukia uzio. Geti ulilolikuta limefungwa liache limefungwa. Ng'ombe wadogo ni wadadisi, watakufuata kundi zima. Endelea kutembea polepole bila kukimbia. Usipite kati ya ng'ombe na ndama wake.

Pasipo na njia ya miguu, sheria inakuruhusu kutembea kwenye njia ya baiskeli. Lakini baiskeli za huku zinakimbia na hazina mlio. Tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, pembeni.

Sasa jambo ninalotaka ulishike kuliko yote kama una watoto. Kuanzia katikati ya kiangazi, mitaro mingi hufunikwa na vijani vidogo vinavyoelea, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, vimebanana mpaka maji hayaonekani. Ukiangalia haraka ni zulia la kijani lililokatwa sawasawa, zuri kuliko majani yenyewe ya pembeni. Mwanangu alipokuwa na miaka minne aliinua mguu apite juu yake, nami nilimshika mkono wa koti akiwa hewani. Nilichovya kijiti hapo: kikazama chote, na zulia likajifunga juu yake kana kwamba hakuna kilichopita. Mtoto atembee upande wako wa pili, mbali na mtaro, wakati wote.

Msimu wa ndege

Njia zinazokatiza malisho nyingi hufungwa kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, kwa sababu ndege hutaga chini kabisa, kwenye majani. Miezi hiyo tembea juu ya matuta na barabara ndogo. Hutakosa kitu, maana ndege utawaona vizuri zaidi ukiwa juu.

Mtafute grutto: miguu mirefu, mdomo mrefu ulionyooka, shingo na kifua vya rangi ya kutu. Hulitaja jina lake mwenyewe akiruka, "grutto, grutto". Waholanzi walimchagua kuwa ndege wao wa taifa 2015. Majira ya baridi huwa hayuko hapa. Mara nyingi yuko Afrika Magharibi, kwenye mashamba ya mpunga ya Senegal na Guinea-Bissau. Mkulima wa kule na mfugaji wa huku wanamlea ndege mmoja bila kujuana.

Abcoude hadi Weesp, ya kuanzia

Ukiniuliza njia moja tu, ni hii. Takriban kilomita kumi, karibu yote ni barabara ndogo ya lami, na inaelekea kaskazini-mashariki, hivyo upepo wa kawaida utakuwa mgongoni.

Panda treni ya Sprinter inayosimama kila kituo kwenye reli ya Amsterdam na Utrecht, ushuke Abcoude. Gusisha kadi. Ingia kijijini. Kando yake kuna ngome iliyokamilika 1887, ya kwanza katika mzunguko wa ngome zilizoizingira Amsterdam kwa kilomita 135 hivi. Silaha yao kubwa ilikuwa maji: adui akija, mashamba yafurikishwe mpaka karibu na magoti, maji yawe mengi kwa askari wa miguu na machache kwa mashua. UNESCO iliuingiza mzunguko huo kwenye urithi wa dunia 1996.

Katikati ya kijiji mto Gein unakutana na Angstel. Fuata Gein kutoka kijijini. Una barabara kila upande, Gein-Noord na Gein-Zuid. Zote zinafika Driemond, chagua yenye jua. Jumamosi asubuhi mapema utakuwa na watu wachache, mchana waendesha baiskeli hujaa.

Mto unajipinda kama kamba iliyotupwa chini, na hiyo ni dalili kwamba huu ni mto wa asili, haukuchimbwa. Mashamba yanayoufuata ni membamba na marefu, kila moja na mtaro wake. Yalikatwa hivyo katika zama za kati, wakulima walipoanza kukausha udongo wa mboji. Mboji ikikauka hupungua na kushuka, na ikishuka inabidi maji nayo yashushwe, kisha ishuke tena. Ndiyo maana malisho yako chini ya mto: si mto uliopanda, ni ardhi iliyozama kwa kukaushwa. Chukua dakika tano kwenye kona yoyote usikilize. Utasikia maji yakitiririka mahali fulani ndani ya bomba, na hiyo ndiyo kazi inayoiweka nchi hii mahali pake.

Vinu vya upepo viwili viko kwenye mto huu. Kimojawapo, Oostzijdse Molen, Piet Mondrian alikichora mara nyingi mwanzoni mwa karne ya 20, kabla hajafikia picha zake za miraba ya rangi nyekundu, njano na buluu. Simama ng'ambo ya mto, kinu kikijiona majini kichwa chini, na utaelewa alichokuwa akirudia.

Ukifika Driemond, vuka daraja la Amsterdam-Rijnkanaal. Hapa mandhari hubadilika ghafla: meli kubwa za mizigo, mawimbi, kelele. Ng'ambo fuata maji ya Smal Weesp hadi mji wa Weesp, penye mikahawa na mto Vecht. Treni za kurudi kutoka hapa ni nyingi kuliko za Abcoude, kwa hiyo hata ukichelewa huna wasiwasi.

Ukishaipenda hiyo

Broek in Waterland hadi Monnickendam, kupitia Zuiderwoude, ni fupi kuliko ya Gein. Mabasi yanaondoka upande wa nyuma wa stesheni kuu ya Amsterdam, juu ghorofani, unaotazama maji ya IJ. Basi la kwenda Marken hupita Broek na Monnickendam zote mbili. Nyumba za Broek ni za mbao, nyingi zimepakwa kijivu. Huku mitaro ni mingi na mipana kiasi kwamba mashamba yanafanana na visiwa. Januari 1916 bahari ilivunja matuta ikafunika eneo hili, na maafa hayo ndiyo yaliyosukuma ujenzi wa Afsluitdijk, lile tuta kubwa lililokamilika 1932 na kuifanya bahari ya ndani kuwa ziwa.

De Rijp hadi Middenbeemster ni kwa mwenye kupenda mistari. Hii ni Beemster, ziwa lililokaushwa kwa vinu zaidi ya 40 na kuwa shamba mwaka 1612, kwa fedha za wafanyabiashara wa Amsterdam. Januari 1610, kazi ikiwa imeendelea sana, dhoruba ilirudisha maji ndani na wakaanza upya. Hapa hakuna kujipinda. Ardhi iligawanywa vipande vya takriban mita 180 kwa 900, barabara zimenyooka hadi zinapofifia. Ningekushauri usiipange siku ya upepo mkali au kiangazi saa saba mchana, kwani kivuli ni cha miti ya kando ya barabara tu. Kabla ya kuteremka kwenye polda, simama juu ya tuta la mzingo pale De Rijp utazame chini: palipokuwa sakafu ya ziwa ndipo utakapotembea. Jan Adriaanszoon Leeghwater, fundi vinu aliyeshiriki kazi ile, alizaliwa De Rijp 1575, na jengo la halmashauri la mwaka 1630 pale kijijini ni mchoro wake.

Kinderdijk unaijua kwa picha: vinu 19, vingi vya miaka ya 1738 hadi 1740. Kutoka Rotterdam nenda kwa boti za Waterbus kutoka daraja la Erasmus, na angalia ratiba kwanza, maana wakati wa baridi hupungua. Kupita kwenye njia kati ya mifereji hulipi. Unalipia kuingia ndani ya vinu vya makumbusho. Fika asubuhi na mapema, au baada ya saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi, makundi ya watalii yakiwa yameondoka.

Giza, radi na kupe

Desemba jua huzama karibu saa kumi na nusu. Juni mwanga hukaa hadi saa nne usiku. Panga safari ya baridi uwe stesheni kabla ya saa kumi. Radi ikitabiriwa ahirisha safari, kwani kwenye polda wewe ndiye utakuwa mrefu kuliko vyote. Namba ya dharura ni 112, na namba iliyo kwenye nguzo ya njia inasaidia kueleza ulipo.

Jioni ukioga, kagua mwili: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, mstari wa mkanda, kwa watoto hata kichwani na nyuma ya masikio. Kupe wa hapa ni wadogo, wengine kama mbegu ya ufuta, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Ukimkuta, mshike na kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumpaka mafuta wala spiriti, kisha andika tarehe na sehemu alipouma. Katika wiki zinazofuata ukiona duara jekundu linalopanuka hapo, mpigie daktari wako wa kawaida, umtajie tarehe hiyo.